Umri wa Matunga

Kila jioni, matangazo ya vifo yakikaribia, Filister aliondoa mguu kwenye cherehani na kufungua redio. Hakuwa mpenda misiba, ingawa misiba ilimlisha. Alikuwa fundi wa nguo pale Suna, Migori, mama aliyefikia umri wa kutungia uzi kwa miwani, na siku hizi kazi yake kubwa ilikuwa kushona sare za wafiwa: magauni ya zambarau kwa wakwe, mashati ya kitenge kwa wajukuu, vilemba kwa dada za marehemu. Watu wa Migori hawamsindikizi mtu wao hivi hivi. Sharti familia isimame kando ya kaburi ikiwa na rangi moja. Lakini redio aliifungua kwa sababu nyingine. Alijua kwamba saa hiyo hiyo, mbali huko kisiwani Rusinga, mama yake Truphena ameketi kwenye kiti chake cha kamba, sikio limeegemea redio, anamngoja mume.

Mume huyo, baba yake Filister, aliitwa Cephas Matunga. Matunga ni jina la Kisuba, la ukoo mdogo. Bara hukutani nalo. Alikuwa fundi wa kuziba mitumbwi, mwenye mikono inayonuka lami, mpaka aliposikia habari za Macalder. Mgodi mkubwa wa kule ulikuwa umefungwa, ila watu walikuwa wakiingia kwenye mashimo ya kale na kutoka na vumbi linalong'aa. Akaenda. Krismasi ya mwisho alirudi na redio aliyoifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga, akaiweka juu ya meza, akaizungushia kitambaa cha kufuma. Filister alikuwa msichana wa shule ya msingi wakati huo. Anakumbuka majirani walivyojaa sebuleni wakikaa sakafuni, na baba yake akigeuza kidude cha sauti taratibu, akijifanya hasikii wakimwomba aongeze sauti. Siku ya kuondoka mkewe alimtuma sukari, naye akaigusa redio akamwambia, "Hii ndiyo itakuwa ikikuletea habari."

Hakurudi tena.

Kisiwani, mwanamume anayepotelea bara amepotelea mahali pawili tu: shimoni au kwa mwanamke. Nusu ya kijiji ilisema shimo, nusu ikasema mwanamke, na ile iliyosema mwanamke ilikuwa na sauti kubwa zaidi. Truphena aliisikiliza redio. Ile ya kwanza ilikufa, akanunua nyingine, nayo ikafa. Kitambaa cha kufuma kilibaki kile kile.

Miaka ilipozidi, wazee wa ukoo walikaa wakasema boma haliwezi kuendelea na mtu ambaye si hai wala si maiti. Wavulana wake hawawezi kujenga, mabinti hawawezi kutolewa kwa heshima. Ikatafutwa yago, lile tunda refu zito la mwegea ambalo Wajaluo hulizika badala ya mtu asiyepatikana. Filister alikuwa ameolewa juzijuzi. Alikuja na mtoto mgongoni. Tunda lilifungwa shuka jeupe, likabebwa na wanaume wanne kama kwamba lina miguu. Mchungaji alikataa kuja, kisha akaja, akasimama nje ya ua na kuomba kwa sauti ya chini. Walilizika upande wa kulia wa nyumba, pale anapolala mwenye boma. Truphena alinyolewa nywele, akawa mjane. Ila jioni yake ilipofika, alifunga kitambaa kichwani na kuifungua redio.

Mwaka jana, baada ya kulazwa kwa ajili ya pumu na kurudishwa nyumbani, Truphena alimwita binti yake akakaa naye barazani.

"Filister, mimi nikifa mtanilaza kushoto."

"Mama, usianze."

"Siogopi kufa. Nimewazika wengi wenye meno kunishinda. Ninachouliza ni hivi. Kulia pale kuna yago. Nikilala karibu naye, nitakuwa mjane amelala na mumewe, au mwanamke aliyeachwa amelala na tunda? Nenda unitafutie. Kama alikufa, alikufa lini. Kama aliniacha, niambie pia. Sitalia. Nitawaambia mnizike kwa ndugu zangu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfikisha Filister kwenye dirisha la msajili wa vizazi na vifo pale Homa Bay, amevaa viatu vya kanisani. Karani alikuwa msichana mchangamfu aitwaye Liz.

"Jina la marehemu, mama?"

"Cephas Matunga."

"Alikufa lini?"

"Hilo ndilo nimekuja kuwauliza ninyi."

Liz aliweka kalamu chini. "Alifia wapi?"

"Hilo pia."

"Sawa. Alizikwa wapi?"

"Rusinga. Nyumbani."

"Sasa tunaenda vizuri. Nani aliona mwili?"

Filister aliangalia watu waliopanga foleni nyuma yake, akainama kwenye dirisha. "Haukuwa mwili. Ilikuwa yago."

Liz hakucheka. Alikuwa mtoto wa Mjaluo. Alishusha sauti kama mtu aliyeambiwa siri ya nyumba. "Hata kwetu tulizika moja. Mjomba, alizama ziwani. Lakini mama, serikali haina nafasi ya kuandika yago. Nitaandika nini hapa, sababu ya kifo? Lilianguka mtini?"

Hapo wote wawili walicheka. Liz alimtafutia kadiri alivyoweza, kisha akamshauri ajaribu Migori, kwa kuwa kifo huandikishwa pale mtu alipofia. Migori nao walitafuta. Katika vitabu vya miaka ile, wafu wa vijijini walikuwa wachache mno, na si kwamba watu hawakufa. Hakuna aliyeona faida ya kupanda milima kwenda kumwambia karani kwamba ndugu yake hayupo. Kanisani kule Nyatike, ilipo Macalder, waliandikwa waliobatizwa pale, na mchimbaji mpita njia hakubatiziwa pale. Filister alirudi Suna, akashona sare za msiba wa watu wengine.

Duniani kuna miji ambako mtu hufa kwa mistari miwili ya gazeti. Kuna mingine ambako picha yake hubandikwa mlangoni pa nyumba, chini yake saa ya mazishi, na mvua humalizia kazi. Kando ya ziwa mtu hufa kwa jamaa zake. Mtangazaji humtaja marehemu mara moja tu, kisha huwataja walio hai, mmoja mmoja, mpaka pumzi imwishie: mume wake, watoto wake, mashemeji, wajukuu walio Nairobi, wakwe walio Mwanza. Mgeni husikia orodha ndefu akachoka. Mwenyeji husikia ramani.

Ndivyo ilivyotokea jioni moja, Filister akikunja vilemba, redio ikasema kwamba Mama Helen wa Macalder, mjane wa marehemu Zablon, ameaga dunia. Mama mpendwa wa Joyline, Gisiri, Stanley na Matunga.

Vilemba vilimponyoka. Kabla hajainama kuviokota simu ililia.

"Umesikia?" Truphena alikuwa akihema.

"Nimesikia, Mama."

"Haya. Ameonekana. Ana mtoto Macalder. Kumbe wale wambeya walijua, na mimi nikawachukia bure." Akapunguza sauti ya redio. "Helen. Hata jina lake ni fupi."

"Mama, tulia kwanza. Hawajasema mtoto wa Matunga. Wamesema mtoto anaitwa Matunga, na baba yake ni Zablon."

"Zablon ni shuka la kufunikia. Hujui wanaume wewe."

Filister aliketi. Kichwani mwake jambo lilikuwa likijipanga polepole, kama kitambaa kinachokubali mkunjo wake. "Mama, mtu akiwa hai, nani humpa mtoto jina lake?"

Kila mtu wa kwao anajua: jina la ukoo hutolewa na mfu. Mtoto hulia asinyamaze, bibi zake wakaita majina ya waliotangulia, hili na lile, na lile linalomnyamazisha ndilo aliyekuja nalo. Kumpa mtoto jina la mtu anayetembea ni kumchimbia kaburi mapema. Kwa hiyo siku aliyopewa yule mtoto jina la Matunga, Matunga mwenyewe alikuwa ameshakufa.

"Basi ni mfu," alisema Truphena. "Alikufa lini?"

"Inategemea huyo mtoto ana umri gani."

"Ndiyo." Sauti ya kikongwe ilibadilika, ikawa ya mtu anayekwenda mnadani. "Kama ni kijana wa juzi, basi mzee wangu alikaa huko akizeeka, anakula ugali wa Helen, mpaka kifo kikamkuta kitandani. Kama ni mtu mzima, ni neno jingine. Nenda kwenye hayo mazishi. Mwangalie kichwani. Angalia mvi."

"Na meno pia?"

"Na meno. Ng'ombe huwa humnunui bila kuangalia meno."

Siku ya mazishi Filister alifika Macalder mapema. Nchi ile ni nyekundu na imechimbwachimbwa. Kandokando ya mashimo wanawake waliinama kwenye makarai ya maji wakizungusha mchanga, mikono ikienda yenyewe wakati wao wakipiga soga. Alijikuta akimtazama kila mzee anayepita kama kwamba baba yake angeweza kuwa amekaa hapo muda wote. Kwenye boma la Helen turubai zilikuwa zimepigwa, viti vya plastiki vimepangwa, na familia ilivaa kijani. Jicho lake la fundi liliona kwamba kola za akina mama zimekatwa vibaya. Akapewa kijitabu cha mazishi chenye picha ya Helen, mwanamke mwenye mwanya na uso wa kicheko, na ikawa vigumu kumchukia.

Baada ya nyimbo mwenye kipaza sauti aliwaita watoto wa marehemu wasimame. Joyline alisimama, kisha Gisiri, kisha Stanley. Wa nne alitoka nyuma ya spika alikokuwa akikaza nyaya, akavua kofia kwa heshima.

Alikuwa na upara. Kichwa kizima kiling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Filister, aliyepanda magari matatu kuja kutazama mvi, alilazimika kufunika mdomo kwa leso. Waliokaa karibu walidhani analia, mmoja akamshika bega.

Alingoja mpaka udongo ukajaa, watu wakawa wanakula. Ndipo akamfuata yule mtu, aliyekuwa akikunja nyaya zake.

"Pole kwa msiba, ndugu yangu. Mimi natoka Rusinga."

Mkono wa mtu yule ulisimama kwenye waya. "Rusinga ya ziwani?"

"Sijui nyingine. Samahani nikuulize jambo la kijinga siku kama hii. Ulizaliwa mwaka gani?"

Alimtazama vizuri, kuanzia kilemba mpaka viatu. "Mwaka aliokufa rais wa kwanza. Mama alikuwa akituambia nilizaliwa redio inapiga nyimbo za huzuni, na mimi nikalia kuishinda redio. Kwa nini, dada? Wewe ni nani?"

Filister alifahamu hesabu kabla ya kuifanya. Krismasi ile ya redio, kisha mwaka mmoja, kisha rais. Baba yake hakukaa Macalder akizeeka. Hakupata hata muda wa kulichakaza lile blanketi.

"Mimi ni binti wa mtu uliyepewa jina lake," alisema.

Matunga aliketi juu ya spika. Kisha akaita, bila kupaza sauti sana, "Gisiri. Njoo. Wamekuja."

Gisiri, kaka mkubwa, alikuwa mtu mnene wa maneno machache aliyefanana na watu wa Kuria, alikotoka baba yao. Alikuja na kiti, akamkalisha Filister, akakaa yeye mwenyewe chini. Alisimulia kama mtu anayekabidhi mzigo uliokuwa ukimngoja mwenyewe. Zablon na Cephas walichimba shimo moja. Mvua za masika zililainisha ukuta, ukashuka. Walimtoa Cephas siku ile ile, lakini alikuwa ameshakwenda. Uchimbaji ule haukuwa na ruhusa. Waliogopa polisi, wakamzika jioni kwenye ncha ya boma la Zablon na hawakumwambia mkubwa yeyote. Huyu mdogo alipozaliwa hakunyamaza. Bibi, mama wa Helen, aliita wafu wote wa Nyatike anaowajua, hakuna. Zablon alikuwa amechoka na makelele, akasema mlangoni, kwa mzaha tu, "Au ni wewe, Matunga?" Mtoto akanyamaza, akalala mpaka asubuhi.

"Mzee aliogopa siku hiyo," alisema Gisiri. "Akasema sasa lazima niende kwao Rusinga niwaambie."

"Mbona hakuja?"

Gisiri alimtazama mdogo wake, na mdogo akatazama nyaya.

"Alikwenda mpaka Mbita, kivukoni. Wakati huo hakukuwa na daraja. Baba alikuwa mtu wa milimani, mama. Mto wa kufika gotini ulikuwa unamtosha. Alisimama pale akaona maji, akaona kile chombo kinavyoyumba na mbuzi ndani yake, akanunua ndizi akarudi. Akasema atakwenda mwaka ujao. Alikwenda tena. Akanunua ndizi."

Filister alicheka, na safari hii leso ilikuwa na kazi yake ya kweli.

"Baadaye tulisikia wamejaza mawe, watu wanavuka kwa miguu," alisema Matunga. "Lakini aibu ilikuwa imekomaa. Ungeanzaje? Hodi, mume wenu alikufa zamani, nilikuwa naogopa maji?"

"Ungeanza hivyo hivyo," alisema Filister. "Tungekupa chai."

Walimpeleka kwenye ncha ya boma. Palikuwa na rundo la mawe na kichaka cha mkonge kilichopandwa kwa mkono. Helen, walisema, alikuwa akipalilia pale kila mara anapopalilia mahindi, na watoto walikatazwa kukimbilia hapo. Filister alizoea kaburi la kulia kwa nyumba, lile la tunda, ambalo amelifagia tangu ujana. Sasa hapa palikuwa na mtu mwenyewe, na mikono ya kigeni ilikuwa imemtunza kuliko alivyothubutu kuomba. Alikumbuka harufu ya lami.

Wakati wa kuagana Matunga alisema, "Dada, nikuite nani?"

"Kwa mila, wewe ni baba yangu."

"Nimezaa mtu mkubwa hivi?"

"Umechelewa kunilea, ndiyo maana."

Kwenye simu jioni ile Filister hakuzunguka. "Mama, mtu mwenyewe ana upara. Lakini alizaliwa mwaka rais alipokufa."

Filister akasikia kiti cha kamba kikilia, kisha mama yake akipenga kamasi.

"Kwa hiyo ile Krismasi ilikuwa ya mwisho kweli."

"Ndiyo, Mama."

"Hakuniacha."

"Hakukuacha."

"Lete huyo mwenye upara nimwone."

Matanga ya Helen yalipokwisha, Matunga alikuja. Alivuka daraja la Mbita kwa miguu, akasema anataka kuyaona maji yaliyomshinda baba yake; akayatazama, akatikisa kichwa, akanunua ndizi. Kwenye mfuko alibeba mkebe uliojaa udongo mwekundu wa ncha ya boma. Wazee wawili wa ukoo walikuwa wamekuja kusema kwamba mtu mmoja hawezi kuwa na makaburi mawili, na tunda likishazikwa limezikwa. Truphena aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, kisha akachukua ule mkebe akaumwaga mwenyewe juu ya kaburi la kulia, akausambaza kwa kiganja kama mtu anayetandika.

"Huyu wa tunda nimekaa naye maisha," alisema. "Alinisikiliza kuliko yule mwingine. Sitamfukuza sasa. Wakae pamoja, na mimi kushoto." Akajipangusa mikono na kumgeukia Matunga, akamtazama kichwa. "Na wewe, mume wangu. Nilikutuma sukari. Iko wapi?"

Filister alikuwa amemfundisha Matunga njiani namna ya kujibu kama mume. "Ilinyeshewa, mama watoto."

"Na nywele?"

"Nazo."

Hata wazee walicheka. Cheti cha kifo hakijatoka mpaka leo. Liz alisema panahitajika barua ya chifu na mashahidi, na Filister anasema atakwenda, lakini hana haraka.

Giza lilipoanza kuingia walikaa ndani, wakaletewa samaki wa kukaanga na ugali. Redio ilikuwa mezani juu ya kitambaa chake cha kufuma, na ule muziki unaotangulia matangazo ya vifo ukaanza. Filister, bila kufikiri, alinyoosha mkono aongeze sauti.

"Acha," alisema mama yake. "Kuna mgeni."

"Mama, msiache kwa ajili yangu," alisema Matunga. "Si mnasikilizaga matangazo?"

"Ya nani?" alisema Truphena, akimsogezea sahani. "Kula. Samaki anapoa."